Mvulana wa Mombasa hana somo

Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, si ajabu kumwona Majengo au Kisauni mvulana wa miaka saba au minane akitembea miguu kando, kikoi amekishika kwa mbele kisimguse kidonda, huku watu wazima wakimtania na shangazi zake wakimtilia noti mkononi. Baada ya majuma mawili anavaa suruali yake, anarudi kwenye mpira, na shughuli imekwisha. Wengine hata hayo hawakuyapata, maana walitahiriwa hospitalini wakiwa wachanga. Kwa hiyo wito wa kurudisha jando, unaosikika kila vijana wenye mapanga wanapovamia mitaa ya Kisauni au Likoni, si wa kupuuzwa, ingawa wanaoutoa huchanganya mambo mawili, kisu na mafunzo.

Kumbi ya zamani, yaani mahali pa jando, iliyafunga mawili hayo pamoja. Wavulana walitengwa, ngariba akafanya kazi yake, na zile siku za kupona ndizo zilizokuwa darasa: nyakanga, mwalimu wa jandoni, aliwafunza nyimbo na mafumbo, adabu mbele ya wakubwa, usafi wa mwili na mambo ya unyumba, kisha kijana akarudishwa kwao hali mtaa mzima unajua kuwa huyu si mtoto tena. Ilikuwa na siku yake, na ilikuwa na mtu wa kuulizwa kijana akiharibikiwa.

Wanaoipinga nao hawakosi hoja. Kisu kimoja kiliweza kupita kwa wavulana kadhaa, na aliyetokwa na damu nyingi hakuwa na daktari karibu. Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, vijana wamekufa msimu baada ya msimu kwa vidonda kuoza, kunyimwa maji na kupigwa, hata ikatungwa sheria mwaka 2021 kuweka umri wa kuingia jandoni usipungue miaka 16. Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu. Tena Mombasa si mji wa kabila moja: Mjaluo aliyezaliwa Changamwe, ambaye kwa mila ya kwao tohara haikuwa sharti, anakuwa mwanamume siku gani ikiwa mlango ni mmoja tu, nao ni wa ngariba?

Kuhusu kisu, basi, mimi sina shaka: kibaki hospitalini. Lakini kisu kilipohama na umri ukashuka, mafunzo hayakuhamia popote, kwa kuwa mtoto wa siku arobaini hafundiki. Linganisha na dada yake. Msichana wa pwani anayekaribia kuolewa bado, katika nyumba nyingi, hutafutiwa somo, mwanamke anayemkanda, anayemweleza mambo ya mume na nyumba, na ambaye ataendelea kumwendea hata baada ya harusi. Kaka yake hana mtu wa namna hiyo. Madrasa humfunza hukumu za baleghe na josho la janaba, na si jambo dogo hilo, lakini darasa la watoto arobaini si mahali pa kuuliza afanye nini na hasira zake au na msichana aliyemkataa. Maswali hayo anayapeleka maskani, kijiweni kwa vijana, ambako kaka wakubwa wana majibu tele, na wengine wana panga la kumkabidhi.

Makanisa mengi nchini yamejaribu kuliziba pengo hili kwa kambi za likizo ya Desemba, ambako wavulana hukaa siku kadhaa na wanaume wanaowafunza. Naliona ni jaribio la maana, ila siku kadhaa hazimpi kijana mtu wa kumwendea mwezi wa Aprili.

Hofu yangu iko kwenye siri. Somo hufanya kazi yake ndani ya nyumba, mama na shangazi wakiingia na kutoka, ilhali kumbi ilijivunia kwamba yanayofanyika humo hayasemwi nje, na pazia hilo hilo lingeweza kumfunika mwenye kupiga na mwenye kunajisi. Anayetaka kuwakusanya wavulana upya akubali baba au mama aingie saa yoyote bila hodi ya siku tatu, hata kama wazee watanung'unika kwamba kumbi yenye mlango wazi si kumbi.