Kasoro ya ALDH2: Kinga ya Mnywaji Si Kinga ya Ini

Pombe ikishanywewa, ini huishughulikia kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, sumu inayonata kwenye protini na DNA. Kisha kimeng'enya kiitwacho ALDH2, ambacho makazi yake ni ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, ambayo mwili huimudu bila taabu. Kwa watu zaidi ya milioni 500, karibu wote wenye asili ya Japani, Uchina, Korea na Taiwani, hatua hiyo ya pili hulegalega kwa sababu ya badiliko la herufi moja tu katika jeni. Aliyeirithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja hubaki na sehemu ndogo ya nguvu ya kimeng'enya, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hana karibu chochote: akinywa glasi moja uso humwiva, moyo humwenda mbio na kichefuchefu humshika.

Wanaoiona kasoro hii kuwa neema wana hoja nzito. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba ilikuwapo kwa takriban asilimia 41 ya watu wa kawaida, ilhali miongoni mwa walevi waliokuwa wakitibiwa ilikuwapo kwa asilimia 2 tu. Hata disulfiramu, dawa wanayopewa wanaotaka kuacha pombe, hufanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya vya kundi hilohilo. Asiyekunywa hapati ugonjwa wa ini unaotokana na pombe, na hapo hakuna ubishi.

Ila kinga hiyo inakaa mdomoni, haikai kwenye ini. Miongoni mwa walevi wa Japani, waliobeba nakala moja ya kasoro, yaani walioirithi kwa mzazi mmoja, walikuwa asilimia 2.5 mwaka 1979, wakafika asilimia 8 mwaka 1986 na 13 mwaka 1992. Jeni za taifa hazibadiliki kwa miaka 13; kilichobadilika ni mazingira ya unywaji, na mtu anayejilazimisha kunywa huku uso ukimwiva huzoea karaha hiyo bila ini lake kupata kimeng'enya zaidi.

Kinachotokea ndani ya ini hilo ndicho kinachonivutia zaidi, kwa kuwa majibu yake hayaelekei upande mmoja. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya panya walioondolewa jeni ya ALDH2 kisha wakapewa pombe. Panya hao walikuwa na mafuta machache kwenye ini kuliko wenzao, na hata kipimo cha ALT katika damu, ambacho hupanda seli za ini zinapoharibika, kilikuwa chini. Ungeishia hapo ungesema kasoro imewalinda. Kumbe asetaldehaidi iliyolundikana ilikuwa ikiungana na protini na kuziamsha seli za kinga ya mwili zilizomo kwenye ini. Seli hizo zilitoa kemikali ya IL-6 iliyopunguza mafuta, lakini uvimbe na makovu vikaongezeka. Na makovu, kuliko mafuta, ndiyo hulisinyaza ini.

Ni kweli kwamba panya si binadamu, na wanaotetea upande wa kinga wana haki ya kutukumbusha hilo. Hata hivyo, kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya B ambao ini limekwisha kusinyaa, kasoro hii ikichanganyika na unywaji mkubwa imehusishwa na ongezeko la saratani ya ini, na homa hiyo imeenea sana Asia Mashariki. Imeenea Afrika pia, ingawa kasoro yenyewe ni nadra mno kwetu, kwa hiyo mnywaji wa huku asidhani kwamba uso usioiva ni dalili ya usalama.

Kwa maoni yangu, hoja ya kinga inasimama kwa asiyekunywa kabisa. Kwa mwenye nakala moja ambaye amekwisha kuzoea pombe, ALT ya chini isimtulize daktari kabla hajamuuliza anakunywa kiasi gani na kupima ugumu wa ini lake.