Kocha wa Walimu Aanzie Kwenye Madaftari ya Watoto

Mwalimu wa Kisumu au Kakamega akisikia kuna mtu anakuja kuketi nyuma ya darasa lake, kwanza hutafuta andalio la somo lilipo. Kisha huwaonya watoto wakae sawasawa. Simlaumu. Tangu TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya, ilete tathmini ya utendakazi, TPAD, mwaka 2016, mtu anayeketi pale nyuma huja na fomu, fomu ina alama, na alama zinabaki katika rekodi ya mwalimu. Zamani alikuwa mkaguzi. Ndiyo maana wazo la ukocha shuleni (mwalimu mwenye uzoefu amtazame mwenzake akifundisha, wakae chini wazungumze, kisha wajaribu tena wiki inayofuata) likifika stafurumu linaonekana ni ukaguzi uliobadilishwa jina tu.

Wanaolipinga wana hoja ambazo mashabiki wa ukocha huzikwepa. Mradi wa kusoma na hesabu wa PRIMR, uliopita Nakuru, Kisumu na Bungoma kabla ya Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, kuenea nchi nzima mwaka 2015, ulifanyiwa uchambuzi uliochapishwa 2018. Uliwalinganisha waliopata mafunzo na ukocha peke yake, walioongezewa vitabu hadi kila mtoto akawa na chake, na waliopata pia mwongozo wa mwalimu. Mafunzo na ukocha peke yake vilileta mabadiliko madogo. Matokeo yalipanda kweli pale vyote vilipokuwa pamoja. Kwa hiyo mwalimu anayeuliza, “Mnaniletea mshauri, vitabu viko wapi?” anauliza swali la haki. Isitoshe, afisa wa mtaala wa zoni, yule tuliyekuwa tukimwita tyuta, ana shule nyingi na barabara mbaya. Hawezi kuwa kocha wa kila mtu.

Pamoja na hayo, naona upande wa ukocha haujaeleweka, na sehemu ya kosa ni ya wale wanaoutangaza.

Ushahidi kwamba kumfuata mwalimu darasani kunashinda semina upo, na haukutoka Ulaya. Katika mkoa wa North West, Afrika Kusini, kundi moja la walimu wa kusoma lilipelekwa kwenye mafunzo ya pamoja, lingine likatembelewa na makocha shuleni. Baada ya miaka miwili, wanafunzi wa walimu waliotembelewa walikuwa wamepiga hatua karibu maradufu ya wenzao. Magharibi mwa Kenya tunaijua semina vilivyo. Kakamega, Butere-Mumias na Lugari zilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio za SMASSE, mradi wa hisabati na sayansi ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani. Wazo lake la kumpa mwanafunzi kazi ya mikono badala ya maelezo matupu lilikuwa zuri. Lakini mwalimu akishatoka kwenye mafunzo yuko peke yake na ubao wake, na swali la nani atamsaidia siku wazo lile linapogoma hubaki bila jibu.

Sasa kuna takwimu mbili ambazo natamani kila mwalimu mkuu azitafakari. Mwaka 2018, Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walikusanya tafiti 60 za ukocha kutoka Marekani na nchi nyingine zilizoendelea. Kwa kipimo cha watafiti, kinachopima mabadiliko dhidi ya tofauti za kawaida kati ya watu (mkengeuko sanifu), ufundishaji uliboreka kwa 0.49. Matokeo ya wanafunzi yaliboreka kwa 0.18. Na programu ilipokuwa kubwa, faida ilipungua.

Vipimo hivyo viwili si kitu kimoja, na mtihani wa mtoto ni mgumu kusogea kuliko fomu ya mtazamaji. Hilo nalikubali. Hata hivyo pengo hilo halinitoki akilini. Mwalimu anabadilika waziwazi, na mabadiliko yale yanamfikia mtoto yakiwa yamepungua sana. Yanapotelea wapi? Jibu langu ni kwamba mara nyingi kocha anamwangalia mwalimu tu: sauti, ubao, zana, mpangilio wa vikundi, swali lililoelekezwa kwa wasichana na wavulana kwa usawa. Mwalimu anayarekebisha hayo, kwa sababu ndiyo anayoambiwa.

Chukua somo la kutoa katika gredi ya 4, 403 toa 178. Mwalimu anaeleza kukopa kutoka mamia hadi makumi, makumi hadi mamoja, sauti inasikika hadi dirisha la mwisho, watoto wanaitikia kwa pamoja. Fomu inajaa alama nzuri. Ukipita katikati ya madawati, unakuta daftari baada ya daftari limeandikwa 375 badala ya 225. Watoto hawa hawakubahatisha. Katika kila safu wametoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa: 8 toa 3, 7 toa 0, 4 toa 1. Wana kanuni yao, na wameifuata kwa uaminifu. Kocha aliyebaki nyuma ya darasa ataondoka na pongezi. Aliyepita kwenye madawati ana jambo moja la kuzungumza na mwenzake: kesho utawapa nini, vijiti au noti za kuchezea, ili waone kwamba 3 haiwezi kutoa 8 bila kuvunja mia moja? Na Ijumaa watazame tena madaftari yaleyale.

Mazungumzo ya namna hiyo hayamwaibishi mwalimu, maana kilicho mezani ni 375, na wote wawili wanataka kujua imetoka wapi. Hata mwalimu wa miaka ishirini anaweza kuyaingia bila kujihisi amerudishwa chuoni.

Lakini hayawezekani ikiwa anayeyaongoza ndiye pia anayejaza TPAD. Hapa sioni nafasi ya maafikiano. Alichokiona kocha kisiingie kwenye fomu, kisipelekwe kwa mwalimu mkuu, kisitumiwe siku ya kupandishwa cheo. TSC ibaki na tathmini yake, ifanywe na mtu mwingine, siku nyingine.

Na kusubiri mfadhili kumepitwa na wakati. USAID, shirika la misaada la Marekani lililobeba sehemu kubwa ya gharama za Tusome, lilivunjwa mwaka 2025. Kilichobaki ni walimu waliomo shuleni na ratiba yao. Mwalimu mkuu wa Nakuru anayetaka kujaribu anaweza kuanza na mwalimu mmoja anayeheshimiwa na wenzake, ampunguzie vipindi vinne kwa wiki, na kuvigawa vipindi hivyo kwa wengine, yeye mwenyewe akiwemo. Kwa shule yenye upungufu wa walimu hiyo ni gharama halisi, na mjadala wa stafurumu uanzie hapo: ni vipindi vya nani vitakavyobebwa, na nani atavibeba.