Bei Nafuu Ilivyonibana Shati Dirishani

Niliwahi kukaa robo saa nikiwa nimebanwa shati na dirisha langu mwenyewe, pindo likiwa nje, nikizungumza na jirani kuhusu mvua kana kwamba hapo ndipo ninapopendaga kupumzikia. Chanzo chake ni karatasi tatu za kotesheni, yaani bei za mafundi kwa kazi moja.

Fremu zangu za mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa kiasi kwamba kilichobaki kikishikilia dirisha ni rangi. Nilihitaji madirisha manne makubwa ya alumini, upana milimita 1500 na kimo 1200, dirisha dogo la bafuni la 600 kwa 600, na milango miwili. Nikaita mafundi watatu. Sitaji fedha, tuseme karatasi ya bei ndogo ilikuwa 100, ya kati 130, ya juu 165. Nikaona huyu wa 165 ananiona mimi ndiye mchwa mwenyewe.

Karatasi hazikufanana hata kidogo. Ya 100 ilihesabu kwa mita ya mraba. Ya 130 ilihesabu kwa kila dirisha. Ya 165 ilikuwa na mistari 14, mingine ya vitu ambavyo sikujua kama vinalipiwa: kutoa fremu za zamani, kuziba ukingo, plasta, rangi, wavu wa mbu, kupima. Niliiweka pembeni kwa sababu ilinichosha macho. Ya 100 ilikuwa na mistari mitatu tu, safi, na chini kabisa maandishi madogo ambayo sikuyajali: "Vipimo kama alivyoleta mteja." Nikaichagua hiyo.

Hesabu ya mita ya mraba nayo ina ujanja wake. Dirisha moja kubwa ni mita za mraba 1.8, manne ni 7.2. Lile la bafuni ni 0.36, ila fundi wa 100 alilihesabu mita ya mraba nzima. Nilikuja juu, nikidhani nimemkamata mwizi, kumbe hapo alikuwa na haki. Dirisha kubwa lina mzunguko wa mita 5.4, yaani mita 3 za alumini kwa kila mita ya mraba. Dogo lina mzunguko wa mita 2.4 kwa eneo la 0.36, karibu mita 6.7 kwa kila mita ya mraba, na kona zake ni nne vilevile, na kitasa chake ni kimoja vilevile. Dirisha dogo ni ghali kwa asili yake. Nilimwomba radhi, jambo lililomfanya aniamini kwenye mambo mengine. Hapo ndipo tulipoharibu.

Kwa kuwa hakuja kupima, nilipima mwenyewe. Kanuni ni kupima upana mahali patatu, juu, katikati na chini; kimo vilevile mahali patatu; unachukua kipimo kidogo kuliko vyote na kupunguza milimita 10, ili fremu ipate nafasi ya 5 kila upande. Kisha unapima kona kwa kona. Kwa uwazi wa 1500 kwa 1200, kila mshazari ni takriban 1921. Ikipishana kwa zaidi ya milimita 5 au 6, ukuta umekwenda upande na fremu iliyonyooka italalamika. Mimi nilipima mara moja, katikati, mguu mmoja juu ya kiti. Kwa vile nilikuwa nimesimama, nilianza na kimo. Nikaandika "1200 x 1500", nikatuma bila mchoro.

Katika kazi hii upana hutangulia, kimo hufuata.

Siku ya kufunga, fundi alianza kwa kung'oa fremu za zamani. Nondo za usalama zilikuwa zimepita ndani ya mbao, hivyo fremu ilipotoka nazo zikatoka, pamoja na kipande cha plasta chenye ukubwa wa sinia. Nikamwuliza nani anarudisha plasta. Akanionyesha karatasi: haimo. Nondo je? Hazimo. Wavu wa mbu? "Bosi, hii ni fremu ya reli mbili." Sikuelewa hadi aliponionyesha. Dirisha la kusukuma lenye mabawa mawili ya kioo linataka reli mbili. Wavu unaosukumwa unataka reli ya tatu. Ukishanunua reli mbili, wavu hauna pa kukaa, labda ukapigiliwe misumari kwa nje kama bango la mgombea. Ukilinganisha bei ya reli mbili na ya reli tatu unalinganisha kiti na kochi.

Kisha akaleta dirisha lenyewe. Lilikuwa jembamba na refu, limesimama kama mtu aliyekuja kudai deni. Tukalisogeza ukutani: pembeni limebakiza nafasi ya milimita 300, juu limezidi 300.

"Bosi, upana ni ngapi?"

"1500."

Akatoa simu, akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti ya hakimu.

Tulinyamaza kwa muda. Ndipo mmoja wetu, na ninasikitika kusema ni mimi, akasema: "Si tulilaze tu?"

Kwa karatasi ilikuwa sawa. Dirisha la 1200 kwa 1500 likilazwa ubavu linakuwa 1500 kwa 1200. Fundi aliniangalia kwa huruma, akasema lakini bosi, nikasema lakini nini, akalilaza. Hata kuingia halikuingia vizuri, maana nilikuwa nimetoa kipimo cha ukuta mzima bila kupunguza zile milimita 10. Alichonga plasta pande mbili huku akihesabu kwa sauti ni ipi kati ya kazi zile isiyokuwamo kwenye karatasi.

Aliposhika pima maji na kufunga skrubu, ya kwanza karibu milimita 150 kutoka kila kona, zilizobaki zisiachane zaidi ya 600, dirisha lilipendeza. Akaenda kunywa maji. Mimi nikaenda kulifungua.

Dirisha lililokusudiwa kusukumwa pembeni, likilazwa, husukumwa juu. Magurudumu yake yametengenezwa yabebe uzito yakiwa chini ya bawa. Sasa yako ubavuni na hayabebi chochote. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo cha milimita 4 ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Bawa moja hapa lilikuwa karibu mita za mraba 0.9. Kilo 9 za kioo, bila alumini yake, zikishikiliwa na matumaini yangu peke yake.

Nililiinua, nikatoa kichwa na mabega nione jinsi nyumba inavyoonekana kwa nje, nikageuka nikiegemea ukingo. Bawa likashuka. Nashukuru nilikuwa nimeshaanza kurudi ndani, na kilichobaki nje ni pindo la shati na heshima yangu. Likalipiga pindo, likakaa. Sikuweza kuliinua kwa sababu mikono ilikuwa upande mmoja na shati upande mwingine, na kila nikijipinda vifungo vinalia. Ndipo jirani akapita.

"Naona mmebadilisha madirisha."

"Naam, shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umekaa hapo?"

"Naangalia kama hewa inapita."

Akasimama. Yeye ni mtu wa maswali. Aliuliza kioo ni cha unene gani, nikamjibu. Aliuliza kwa nini dirisha la kusukuma, wakati linafunguka nusu tu na la bawaba hufunguka lote. Nikakubali kwamba ana hoja. Kisha mvua ikaanza, yeye akaondoka akiniachia nafasi ya kujifunza somo la pili. Reli ya chini ya dirisha huwa na matundu madogo ya kutolea maji nje. Dirisha likilazwa, matundu hayo huwa ubavuni, na upande uliogeuka kuwa chini hauna hata moja. Maji yakajaa humo, yakapanda, yakamwagikia ndani, yakapitia suruali yangu kwanza. Fundi alinikuta nikiwa nimelowa chini na mkavu juu.

Silikoni, ile gundi ya kuziba ukingo wa fremu, isingeokoa kitu, lakini hata yenyewe ilikuwa pungufu. Mrija wa mililita 300, ukipakwa mstari wa milimita 6 kwa 6, unatoka mita 8 na kidogo. Dirisha moja kubwa ndani na nje ni mita 10.8. Kwa madirisha yangu yote ni mita 48, yaani mirija 6. Karatasi ya 100 ilikuwa na mirija 2.

Milango nisiitaje sana. "Milango 2" kwenye karatasi ile ilimaanisha mbao mbili tupu: bila fremu, bila bawaba tatu tatu, bila kitasa. Wa chumbani ulikuwa mlango wa flashi, yaani mbao nyembamba pande mbili na uwazi wenye kadibodi katikati, nao ulikuwa umepimwa kabla ya vigae, vigae na gundi vikapandisha sakafu karibu milimita 20. Kukata 20 kungefaa, na milimita kadhaa zaidi za nafasi. Mimi, kwa hasira, nilikata 50, nikapita ubao mwembamba unaoziba ncha ya chini na kukuta ndani ni kadibodi tupu. Unaweza kuuokoa: toa mabaki ya kadibodi, safisha ule ubao uliokatika, upake gundi ya mbao, uurudishe ndani na kuubana usiku kucha. Niliubana kwa ndoo mbili za maji na kamusi.

Madirisha manne yalitengenezwa upya. Kugeuza yale ya kwanza haikuwezekana, kwa sababu alumini ya reli na ile ya ubavuni hazifanani umbo, na bawa jipya linataka kioo chenye upana wa takriban 750 wakati nilichonacho hakifiki 600. Kioo cha kawaida hupunguzwa, hakirefushwi. Vilivyobaki vilikatwa vikatumika bafuni, na bado ninavyo vya kutosha bafu za ukoo mzima.

Ile 100 ilivuka 165 nilipofika dirisha la tatu. Nilimpigia fundi wa mistari 14 aje kumalizia. Alikuja na futikamba yake, akapima mahali patatu patatu, akaandika "W" kwenye upana na "H" kwenye kimo, akachora. Nilipojaribu kumsaidia kushika ncha ya futikamba, aliniomba kwa upole nikae kwenye kiti.

Jirani bado anapita asubuhi. Akifika usawa wa dirisha hupunguza mwendo, hushika pindo la shati lake kwa vidole viwili, na kuuliza: "Umeachiwa?"