Si nyoka, shangazi

Mvua zilipokolea, shangazi alikuwa anapalilia migomba yake Kilolo, jirani kabisa na msitu wa Udzungwa. Nilipofika, alikuwa ameshakata kiumbe vipande viwili kwa jembe. "Nyoka huyo, mwanangu. Tena wa vichwa viwili!"

Nilimgeuza kwa kijiti. Hakuwa na gamba hata moja. Ngozi ilikuwa laini, yenye ute, na pingili mwili mzima kama nyungunyungu. Nilisikitika sana, maana huyo ni sesilia, ndugu yake chura.

Amfibia, yaani wanyama wa jamii ya chura, wako makundi matatu: vyura, salamanda wenye umbo kama la mjusi, na sesilia. Salamanda hawaishi Afrika kusini mwa Sahara. Huku kwetu anayechimba udongo kama mnyoo ni sesilia. Milima ya Udzungwa inaye Scolecomorphus kirkii, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1883, na mwili wake ni wa ajabu. Jicho lake limeshikamana na kipapasio kilicho pembeni mwa mdomo. Anapokichomoza kunusa njia, jicho linatoka nacho nje ya fuvu, kisha linarudi ndani. Hatagi mayai, anazaa watoto hai. Hana sumu ya kumdhuru mkulima, hana hata mguu wa kukimbilia.

Anakula mchwa na nyungunyungu, naye analiwa na nyoka. Njia anazopasua ardhini zinapitisha hewa na maji. Kwa maoni yangu, anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wenye shamba.

Chura wa Kihansi, yule wa maporomoko ya mto uliojengewa bwawa la umeme, tunamjua sote. Alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, ndipo jina lake likazoeleka midomoni. Sesilia hana maporomoko wala bwawa la umeme la kumfanya atajwe redioni. Anapumua kwa ngozi pia, kwa hiyo udongo ukikauka kwa kuchomwa moto kila mwaka, au ukinyweshwa dawa ya magugu, kwake ni hatari. Nawaomba maafisa ugani wa Kilolo na Mufindi wanapofundisha mbolea wamtaje na huyu. Dakika tano zinatosha. Na wakulima wenzangu, tuache majani makavu chini ya migomba, ndiyo paa la nyumba yake.

Jumamosi iliyopita shangazi alifukua mwingine, palepale. Alisimama na jembe begani mpaka sesilia akazama udongoni, kisha shangazi akahamia mstari mwingine.