Zege Linalojishindilia: Kukaza Likitulia ni Msaada au Hatari?

Zege linalojishindilia lenyewe, lililobuniwa Japani katika miaka ya 1980, husifiwa kwa kutiririka hadi kila pembe ya fomu, yaani ukungu wa mbao au chuma unaolishikilia, na kupenya katikati ya nondo bila vaibreta, mashine ya kulitikisa ili lishindiliwe. Lisilosemwa sana ni kwamba likiachwa bila kuguswa hukaza hata kabla saruji haijaanza kushika. Ukiliacha kwenye ndoo kwa muda, kisha ukaiinamisha ndoo polepole, uso wa zege huinama nayo badala ya kumwagika. Likoroge kwa nguvu, nalo linakuwa majimaji tena. Mwendo unapokoma, chembe za saruji hushikana ndani ya sekunde chache, kisha viungo vyembamba vya kikemia hujengeka kati yake, na kukoroga huvivunja. Hali hii huitwa thiksotropia, na tofauti yake na kuganda ni kwamba zege lililoganda halirudi nyuma.

Wanaoipenda wana hoja nzito. Zege la majimaji husukuma fomu kwa takriban kilopaskali 24 kwa kila mita ya kina, hivyo kitako cha ukuta wa mita 4 hubeba karibu 96. Tabaka la chini likikaza hujibeba lenyewe, msukumo unapungua, na kokoto nazo hazizami.

Ubaya huja pale umwagaji unapokatika. Zege ambalo ukinzani wake dhidi ya kutiririka unapanda kwa zaidi ya paskali 0.5 kila sekunde huhesabiwa kuwa na thiksotropia kali. Kwa kasi hiyo, dakika 20 za kusubiri gari la pili la zege huongeza paskali 600, ilhali mwanzoni zilikuwa makumi tu. Tabaka jipya hutambaa juu ya la zamani bila kuchanganyika nalo, na kwa kuwa hakuna vaibreta, ukuta hubaki na mstari dhaifu.

Kwa maoni yangu, pasipo uhakika wa magari kufuatana, ni afadhali kuchagua zege linalokaza polepole na kuimarisha fomu ibebe msukumo wote, kwa sababu msukumo huo hukokotolewa mapema, lakini mstari uliofichika ndani ya ukuta haurekebishiki kirahisi. Wapo wanaopendekeza kuchokoa mpaka wa matabaka kwa vaibreta kidogo. Inafaa, ila ni kukirudia kifaa kilekile tulichodai kukiaga.