Safisha flashi kabla hujampa mtu

Mama mdogo aliniomba nyimbo za kwaya za kusikiliza garini. Nikamwekea 12 kwenye flashi. Jioni akapiga simu: "Mwanangu, mbona redio inasema ziko 24, na nusu yake hazitoi sauti?"

Nikaichomeka tena kwenye kompyuta yangu ya Mac, nikabonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja. Yaliyofichika yakajitokeza: kila wimbo ulikuwa na pacha wake, faili dogo la KB 4 ambalo jina lake linaanza na "._". Mac huambatanisha taarifa za ziada na mafaili, kama rangi ulizoyawekea alama, hata anwani ya tovuti ulikoyapakua. Flashi ya FAT32 au exFAT (miundo ya kupanga mafaili inayosomeka na Mac na Windows) haina pa kuzihifadhi, kwa hiyo zinaandikwa kwenye faili la pembeni. Redio ya gari ikiona jina linaishia na .mp3, inalihesabu kuwa ni wimbo.

Hilo la redio ni usumbufu tu. Kilichonishtua ni folda ya .Trashes. Ndani yake nilikuta nakala ya kitambulisho changu na mkataba wa nyumba, vitu nilivyoamini nimevifuta wiki kadhaa nyuma. Kumbe kufuta ni kuvihamishia pipani, na pipa la flashi limo ndani ya flashi yenyewe! Flashi hiyo nilikuwa nimeshaipeleka steshenari mbili kuchapisha karatasi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema huu ni uchafu mdogo usio na madhara. Hata kwa nafasi si mdogo. Diski kubwa ya exFAT mara nyingi hugawanywa vipande vya KB 128, na faili la KB 4 linachukua kipande kizima. Picha 10,000 zenye pacha zinakula zaidi ya GB 1 bure. Windows nayo huacha vyake, kama folda iliyofichwa ya System Volume Information.

Mimi sasa, kabla sijatoa flashi mkononi, kwanza namwaga pipa la taka ikiwa bado imechomekwa. Kisha nafungua Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, na kuandika dot_clean -m /Volumes/KWAYA ili kufuta mafaili ya "._" (KWAYA ni jina la flashi), halafu naichomoa kwa utaratibu papo hapo bila kufungua folda yoyote, maana ukifungua, Mac inaweza kuandika .DS_Store, faili lililofichwa la kukumbuka mwonekano wa folda. Diski ninayoitumia na Mac peke yake siigusi, kwa sababu humo mafaili hayo yana kazi yake.

Lakini mama mdogo hawezi kuambiwa afungue Terminal, wala hapaswi. Wanaotengeneza mifumo hii waweke kitufe kimoja pale pale pa kuchomolea, kiulize: flashi hii inakwenda kwa mtu mwingine? Nikijibu ndiyo, ibebe nyimbo 12 nilizoziweka, basi.