Mbuzi wa Hombolo na lenzi ya 1.4

Jamani kuna wateja wanakuja na picha ya mtu mwingine kwenye simu, "kaka nataka kama hii, huko nyuma pawe pameyeyuka." Huyu alikuja na mchumba wake, tukaenda Hombolo kwenye shamba la zabibu, mwezi wa 8, zabibu zimeiva na upepo wa Dodoma si unaujua, vumbi mpaka kwenye meno. Lenzi yangu ya milimita 85, ile ya kuyeyusha nyuma, kaiazima jamaa kaenda nayo harusini Singida, simu hapokei, nimebaki na ya 24, lenzi pana. Ila ni 1.4 bwana, yaani tundu lake la mwanga linafunguka sana, na tundu kubwa ndo huyeyusha nyuma, nikajipa moyo.

Nikasimama mita 3 hivi, nikalifungua tundu lote, kacha! Kuangalia, wapenzi wako safi kabisa, na nyuma yao kila kitu kipo, nguzo za waya, madumu ya dawa, bodaboda iliyotuleta, na mzee mwenye shamba kakaa juu ya ndoo anachokonoa meno. Lenzi pana ndo zilivyo, kwa umbali ule fokasi, yaani eneo linalotoka kali, inaanzia kama mita 2 na nusu inafika karibu 4, na vya nyuma vinalainika tu kidogo, mtu unamtambua mpaka shati. Ukitaka kuyeyusha lazima umsogelee mtu kama unamdai.

Basi nikasogea mpaka sentimita 40 na uso wa dada wa watu. Hapo fokasi imebaki kama sentimita 2, akipumua ameshatoka. Pua inaonekana mpaka vinyweleo, macho yako kwenye ukungu, na lenzi pana ukiikaribisha hivyo pua inakuja mbele masikio yanakimbia nyuma. Mchumba akashindwa kuvumilia: "Kaka, unampiga picha au unamnusa?"

Tukiwa tunabishana hapo mbuzi katokea chini ya waya, kichala mdomoni, wala sikumfuata, kaja mwenyewe mpaka kwenye lenzi akageuza kichwa upande, nikabonyeza. Weeeh! Jicho, ndevu, punje za zabibu, vyote vimekaa, nyuma ukungu wa kijani mtupu. Picha ya maana ya siku nzima ndo hiyo, na mteja hajailipia.

Mzee kuiona karuka kwenye ndoo. "Nirushie hiyo mwanangu! Huyu mbuzi wa jirani ananimalizia zabibu kila siku wanasema namsingizia, leo nina ushahidi." Jioni tukaenda kwa mwenyekiti, mimi shahidi. Jirani kapokea simu taratibu, kaikuza picha, kaipeleka kushoto, kaipeleka kulia.

"Mwenyekiti, mbuzi ni wangu, sikatai, na nikimnunulia zabibu sokoni ni hela yangu. Ila hilo shamba liko wapi hapa?"

Mwenyekiti naye kachungulia, katikisa kichwa. Mzee akanigeukia mimi.

"Kijana, shamba langu umelipeleka wapi?"